Kuchagua kompyuta ya baiskeli yenye GPS: ramani kwanza, mengine baadaye

Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikiendesha baiskeli katika barabara za Arusha, Kilimanjaro na Tanga, za lami na za vumbi, na katika muda huo nimefunga vifaa vinne vya GPS kwenye usukani wangu. Cha kwanza kilikuwa cha bei nafuu, ambacho chapa yake sitaitaja. Kikafuata Garmin Edge 530, kisha Wahoo ELEMNT Bolt ya toleo la pili niliyoazimwa na mwenzangu wa mazoezi kwa miezi miwili, na hatimaye Edge 540, ambayo ninaitumia mpaka leo. Tangu Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani mwezi Septemba 2025, ambayo yalikuwa ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika, vijana wanaoanza mazoezi wamekuwa wakiniuliza wanunue kifaa gani. Jibu langu huwa refu kuliko wanavyotarajia, kwa sababu maelezo mengi yaliyopo yameandikiwa mtu anayeendesha Ulaya au Marekani, ambako ramani imekamilika na lami inafika karibu kila kijiji. Huku kwetu mizani ya kupimia vifaa hivi ni nyingine, na nimejifunza kuishika kwa gharama.

Somo la kwanza nililipata kwenye miteremko ya Mlima Meru. Nilikuwa nimechora njia ya kilomita 70 nyumbani, nikaipakia kwenye kile kifaa cha kwanza, nikatoka alfajiri. Skrini ilionyesha mstari mweusi juu ya uwanja mtupu, na pembetatu ndogo iliyowakilisha mahali nilipo. Mstari ule ulinipitisha katikati ya migomba na mibuni, ukaingia kwenye njia ya ng'ombe, ukanifikisha ukingoni mwa korongo ambalo mvua za masika zilikuwa zimelipanua, na kifaa kikaendelea kunielekeza nisonge mbele. Bibi mmoja aliyekuwa akipalilia maharage alinitazama kwa muda. Nilipomwamkia akaitikia marahaba, kisha akaniambia: “Mwanangu, njia hiyo ilishakufa. Rudi mpaka kanisani, ushike ya kushoto, utatokea darajani.” Kanisa hilo halikuwamo kwenye skrini yangu, wala hiyo njia ya kushoto, kwa kuwa kifaa hakikuwa na ramani yoyote chini ya ule mstari.

Hapo ndipo mgawanyiko wa kwanza wa vifaa hivi ulipo, nao una uzito kuliko tofauti za chapa. Kuna vinavyoonyesha mstari tu, na kuna vinavyobeba ramani kamili yenye barabara, vichochoro, mito na majina ya vijiji. Garmin Edge 130 Plus ni ya kundi la kwanza: ina skrini ndogo ya inchi 1.8 isiyo na rangi, ina uzito wa gramu 33, na njia uliyoipakia huonekana kama uzi uliolazwa juu ya karatasi tupu. iGPSPORT BSC200 nayo hufuata utaratibu huo huo kwa skrini kubwa zaidi. Vifaa hivi havina kasoro kwa mtu anayefanya mazoezi kwenye barabara moja anayoijua, kwa mfano anayetoka Arusha kwenda Usa River na kurudi kila asubuhi, kwa sababu anachohitaji ni mwendo, muda, umbali na mapigo ya moyo. Lakini anayetaka kukata njia za vijijini asivinunue kwa matumaini kwamba mstari utamtosha. Mstari hukueleza kule ulikopanga kwenda, lakini unapokuta daraja limechukuliwa na maji hauna neno lolote la kukusaidia.

Ukishaamua kwamba unahitaji ramani, swali linalofuata ni ramani ya wapi. Kifaa kilichouzwa Ulaya mara nyingi huja na ramani ya kina ya Ulaya, na ndugu akikuletea kutoka huko, unakiwasha Moshi na kukuta ramani ya msingi yenye barabara kuu chache na ziwa moja au mawili. Wengi hukata tamaa hapo, ilhali dawa yake ni rahisi na haina malipo. Wapo watu wanaochukua data ya OpenStreetMap, ramani huru ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, na kuitengenezea faili ambazo vifaa vya Garmin huzisoma. Unaipakua Tanzania au Kenya nzima, unaiweka kwenye folda ya kifaa kwa waya wa USB, unakizima na kukiwasha, na vijiji vinajitokeza. Kwa upande wa Wahoo kazi ni nyepesi zaidi, kwani ramani za nchi mbalimbali hupakuliwa bila malipo kupitia programu ya simu. Hammerhead Karoo nayo hupakua ramani za maeneo kupitia Wi-Fi. Kabla ya kutoa fedha, mwulize muuzaji akuwashie kifaa na akuonyeshe mtaa wenu kwenye skrini. Kama hawezi, hakikisha wewe mwenyewe unajua utakavyoiweka ramani.

Ubora wa ramani hizo katika nchi yetu haukushuka kutoka mbinguni. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi kuchora mitaa iliyokuwa ikikumbwa na mafuriko, na kazi yao iliingia moja kwa moja katika OpenStreetMap, ambayo ndiyo chanzo cha ramani za vifaa vingi ninavyovizungumzia hapa. Jambo hili linanigusa, kwa sababu lina maana kwamba mwendesha baiskeli naye anaweza kurekebisha ramani anayoitegemea. Jioni ya siku ile ya korongo niliingia mtandaoni, nikaichora njia ya kushoto, nikaweka alama ya kanisa na daraja, na nilipoifungua upya ramani wiki chache baadaye, vyote vitatu vilikuwemo. Ni kazi ya nusu saa, na ninamsihi kila mwenye kifaa cha namna hii aifanye walau mara moja kwa mwezi.

Hata hivyo, ramani nzuri inaweza kukupotosha kwa njia nyingine. Programu za kupanga safari, kama Komoot, Strava na Ride with GPS, hutegemea maelezo yaliyoandikwa juu ya kila barabara: kama ni lami, changarawe au udongo. Kwetu sehemu kubwa ya barabara za vijijini zimechorwa bila maelezo hayo, hivyo programu hukisia. Wakati wa kiangazi makisio hayo hayana madhara makubwa. Kuanzia Machi hadi Mei, lakini, barabara inayopita kwenye udongo mweusi wa mbuga hugeuka gundi: matope hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na umbali wa kilomita nne unaweza kukumaliza asubuhi nzima. Kwa hiyo, kabla ya kupakia njia mpya, huwa naitazama kwenye picha za setilaiti, kisha nawauliza waendesha bodaboda wa kituo cha karibu, ambao wanajua hali ya barabara ya juzi na jana. Hakuna kifaa cha bei yoyote kinachowafikia katika hilo.

Nikija kwenye skrini na betri, hapa ningependa msomaji apunguze mwendo, kwa sababu mwelekeo wa soko umebadilika na mabadiliko hayo hayatufai sana. Vifaa vya zamani kidogo hutumia skrini zinazorudisha mwanga wa jua badala ya kushindana nao, kwa hiyo kadiri jua linavyowaka ndivyo zinavyosomeka vizuri. Edge 530 ya mwaka 2019 na Edge 540 ya mwaka 2023 ni za aina hiyo. Rangi zake zimefifia, na mtu aliyezoea simu huziona za kizamani akiwa ndani ya duka, lakini saa saba mchana kwenye barabara ya Namanga, ambako hakuna kivuli, husomeka bila kuhitaji taa ya ndani ya skrini. Betri hunufaika pia: Garmin hutaja saa 26 za matumizi mazito kwa Edge 540, na saa 42 katika hali ya kubana chaji.

Matoleo mapya yamechukua njia tofauti. Edge 1050 ya mwaka 2024 ina skrini angavu yenye rangi kali kama za simu, lakini muda wake wa matumizi mazito ni saa 20, wakati Edge 1040 iliyoitangulia ilitajwa kuwa na saa 35. Edge 550 ya mwaka 2025, inayorithi nafasi ya 540, imeshuka hadi saa 12 za matumizi mazito. Kwa mtu anayemaliza mazoezi yake ndani ya saa tatu na kurudi nyumbani penye umeme, upungufu huo hautamsumbua. Anayefanya safari ya siku tatu kutoka Arusha hadi Lushoto, akilala katika nyumba za wageni ambako umeme unaweza kukatika usiku kucha, atauhisi siku ya pili. Kwa maoni yangu, katika mazingira yetu betri ya siku mbili ina thamani kuliko skrini inayopendeza, na ndiyo maana sikubadilisha 540 yangu matoleo mapya yalipotoka. Mwenye safari ndefu zaidi anaweza kuifikiria Edge 540 Solar, ambayo kioo chake huongeza chaji kutokana na jua. Jua tunalo, ingawa nyongeza hiyo haiondoi haja ya kubeba pawabenki.

Kuhusu vitufe na skrini ya kugusa nitakuwa mfupi. Edge 540 huendeshwa kwa vitufe saba na haina skrini ya kugusa, Edge 840 ina vyote viwili, nayo Bolt ya toleo la pili ina vitufe pekee. Skrini ya kugusa ni nzuri unapotaka kuisogeza ramani kwa kidole ukiwa umesimama. Ukiwa unaendesha, jasho linadondoka kwenye kioo, vumbi linajikusanya juu ya jasho, na mvua ikinyesha kila tone ni kidole. Kwa hiyo nachagua vitufe. Mwenye uwezo wa kulipa zaidi na achukue 840 apate vyote.

Sifa iliyonifanya niipende familia hii ya vifaa ni ukurasa wa vilima, ambao Garmin huuita ClimbPro na Wahoo huuita Summit. Thamani yake niliielewa katika barabara ya Mombo hadi Lushoto. Ni kilomita 33 hivi za lami zinazojizungusha ukutani mwa Usambara, kutoka mita mia nne na ushei juu ya usawa wa bahari hadi takriban mita 1,400, na huna namna ya kuona kilele kwa sababu kila kona huficha kona nyingine. Mara ya kwanza niliipanda bila ukurasa huo, nikatumia nguvu zote kabla ya Soni, na sehemu iliyobaki niliimaliza nikiwa nimeishiwa kabisa. Mara ya pili kifaa kilinionyesha umbo la kilima kilichobaki, umbali wake, mita za kupanda na ukali wa mwinuko kwa rangi, kijani panapolegea na nyekundu panapokaza, na nikaweza kugawa nguvu zangu kama mtu anavyogawa posho ya mwezi. Kwenye Edge 530 ukurasa huu hufanya kazi pale tu unapofuata njia uliyoipakia. Edge 540 huvitambua vilima hata unapoendesha bila njia, ilimradi ramani yenye taarifa za mwinuko iwemo. Tofauti hiyo moja inaeleza sehemu nzuri ya ongezeko la bei. Kwa wanaojiandaa kwa mashindano uzito wake ni mkubwa zaidi: kule Kigali wanaume walikimbia kilomita 267.5 zenye jumla ya mita 5,475 za kupanda, na katika njia ya namna hiyo kujua kilima kinakoishia ni sehemu ya mbio zenyewe.

Mwinuko huo hupimwaje? Setilaiti hukisia urefu kwa udhaifu kuliko zinavyokisia mahali, kwa hiyo vifaa vizuri vina barometa ndani yake: hewa hupungua mgandamizo unapopanda, kwa kiasi cha milibari moja kwa kila mita nane hivi karibu na usawa wa bahari. Hapa pana jambo ambalo sijaliona likielezwa katika tathmini za vifaa hivi, nalo linawahusu hasa wakazi wa nchi za tropiki. Katika ukanda wetu mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku hata kama hali ya hewa haikubadilika, ukifikia kilele karibu saa nne asubuhi na kushuka hadi chini karibu saa kumi jioni, kwa tofauti ya milibari mbili hadi tatu au zaidi kidogo. Kifaa hakijui kwamba hewa yenyewe ndiyo iliyobadilika. Hudhani umepanda. Ukitoka nyumbani saa nne na kurudi saa kumi, usishangae kikisema nyumba yako imeinuka mita 20 au 30 tangu asubuhi. Hiyo si dalili ya ubovu, na hakuna haja ya kukirudisha dukani. Unachoweza kufanya ni kuhifadhi mahali unapoanzia safari pamoja na mwinuko wake sahihi, ili kifaa kijirekebishe kila unapoanzia hapo. Tundu la barometa, ambalo kwa kawaida ni dogo sana, huziba kwa vumbi na chumvi ya jasho, na mwinuko ukiganda kwenye namba moja, suuza kifaa kwa maji safi yasiyo na kasi kabla ya kufikiria fundi.

Kwa upande wa setilaiti zenyewe, matangazo ya masafa mawili yasikutishe wala yasikuvute kupita kiasi. Kifaa kinachopokea masafa mawili ya ishara za setilaiti, L1 na L5, kwa pamoja hutofautisha vizuri zaidi ishara iliyotoka angani moja kwa moja na ile iliyogonga mwamba au ukuta kabla ya kukufikia. Kwenye tambarare ya Longido, ambako mbingu iko wazi pande zote, sikuona tofauti kati ya 530 yenye masafa moja na 540 yenye mawili. Kwenye kona za Usambara, chini ya miti na kando ya kuta za mawe, mstari wa 540 ulibaki barabarani wakati wa 530 uliyumba hadi ukingoni. Mwendesha baiskeli wa tambarare asilipie sifa hii. Wa milimani atainufaikia.

Sasa mazoezi, ambako fedha nyingi hupotea. Kompyuta ya baiskeli haijui chochote kuhusu mwili wako mpaka kihisi kiiambie. Mtu anayenunua kifaa cha gharama na kukitumia bila ukanda wa mapigo ya moyo amelipia vyumba ambavyo hataingia. Vile vile, makadirio ya uwezo wa mwili kutumia oksijeni ambayo Garmin huyaonyesha kwa mwendesha baiskeli huhitaji kipimo cha nguvu, yaani kihisi cha kwenye baiskeli kinachopima nguvu za miguu kwa wati, pamoja na mapigo ya moyo. Asiye na kipimo cha nguvu hubaki na ukurasa mtupu. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni kununua kifaa cha kati pamoja na ukanda mzuri wa kifuani, badala ya kifaa cha juu peke yake. Ukanda wa kifuani husoma umeme wa moyo, na kwa mtu anayebana usukani kwenye barabara yenye mashimo husoma kwa uhakika kuliko saa ya mkononi inayotegemea mwanga kupenya ngozi. Betri yake kwa kawaida ni kidonge cha CR2032 ambacho utakipata kwa mafundi saa wa mji wowote. Hakikisha ukanda na kifaa vinazungumza lugha moja: ANT+, ambayo huruhusu vifaa kadhaa kusikiliza kihisi kimoja kwa wakati mmoja, au Bluetooth. Vihisi vingi vya sasa vinazo zote mbili.

Mapigo ya moyo yana ukomo wake, na joto la kwetu huuweka wazi. Kwenye bonde la Mombo, kwa nguvu ile ile ya miguu, moyo wangu hupanda polepole kadiri maji ya mwili yanavyopungua, kiasi kwamba baada ya saa mbili namba niliyoiona mwanzo kuwa ya mwendo wa starehe haipatikani tena hata nikijivuta. Wati hazina tabia hiyo. Wati 180 ni wati 180 asubuhi na mchana, kwenye upepo wa mbele na kwenye kilima. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kulelewa kimichezo na David Kinjah kule Kikuyu kabla ya kushinda Tour de France mara nne, alijulikana kwa kuinamisha kichwa na kuitazama namba hiyo milimani wakati wenzake wakishambulia. Wapo waliomlaumu kwa kuondoa msisimko, lakini kwa mtu anayejifunza kugawa nguvu zake ule ulikuwa ufundi wa kuheshimiwa.

Kipimo cha nguvu bado ni ghali, na bei yake inaweza kulingana na ya kompyuta yenyewe. Kwa asiyekuwa nacho, kilima kirefu pamoja na barometa vinaweza kutoa makadirio ya heshima. Chukua mfano wangu: mimi, baiskeli na chupa za maji tuna uzito wa kilo 85, na kutoka Mombo hadi Lushoto kuna takriban mita 950 za kupanda. Kilo 85 zikizidishwa na 9.81, kisha na 950, hutoa jouli 792,000 hivi. Nilipanda kwa saa moja na dakika 50, yaani sekunde 6,600. Ukigawanya unapata wati 120 zilizotumika kupambana na mvutano wa dunia peke yake, kabla ya kuongeza msuguano wa tairi na upinzani wa hewa. Kilima hicho hicho kikirudiwa kila baada ya miezi miwili, kwa uzito uleule, kitakueleza ukweli kuhusu maendeleo yako kuliko grafu nyingi.

Kwa mwenye kipimo cha nguvu, kazi kubwa ya kompyuta ni kukushika mkono katika mazoezi yaliyopangwa. Unafanya jaribio la dakika 20 kwa nguvu zote unazoweza kuzisawazisha, unachukua asilimia 95 ya wastani wake kama kadirio la kiwango unachoweza kukishikilia kwa saa moja, na kanda zote za mazoezi, yaani viwango vya ukali wake, hupangwa kutoka hapo. Kisha kocha, au programu kama TrainingPeaks, hukutumia zoezi la siku: dakika nne za kukaza mara tano, tatu za kupumzika katikati. Kifaa hulia, huonyesha wati zinazotakiwa, hukwambia umepita au umepungua. Edge 540 na Bolt zote hufanya hivi vizuri. Ushauri mdogo wa mpangilio: kwenye Garmin, badili namna ya kurekodi kutoka ile inayoruka baadhi ya sekunde kwenda ya kila sekunde moja, kwani wastani wa wati hupotoka data ikiwa na mapengo.

Nikizilinganisha hizo mbili, Bolt ya toleo la pili ina uzuri ambao niliuhisi tangu siku ya kwanza. Kila kitu hupangwa kwenye simu, ambako kurasa huburutwa juu na chini kwa kidole, na vitufe vya ubavuni hupunguza idadi ya namba kwenye skrini ili zilizobaki ziwe kubwa, jambo linalomfaa mtu mwenye macho yaliyochoka kama yangu. Ni nyepesi, gramu 68. Mtu asiyependa kuchimba menyu ataifurahia. Lakini skrini yake ni ya inchi 2.2 dhidi ya 2.6 za 540, na muda wa betri uliotajwa na mtengenezaji ni saa 15. Kwa mazoezi ya kila siku na mbio za siku moja ningeichagua bila kusita. Kwa safari za njia nisizozijua, tofauti hiyo ndogo ya skrini huamua kama jina la kijiji linasomeka au halisomeki, na hapo 540 inashinda.

Yapo mengine ambayo matangazo huyapa uzito, kama kutambua ajali na kuwatumia ndugu ujumbe, au kuwaruhusu wakuone ulipo. Ni mambo mema, na mke wangu huyathamini, lakini yote hupitia simu yako na mtandao wake. Palipo na mtandao hafifu ujumbe hautoki, kwa hiyo nikienda upande wa Ngarenanyuki bado naacha nyumbani karatasi yenye jina la njia na saa ya kurudi.

Kuhusu bei, Edge 540 ilitoka ikiuzwa dola 349.99 za Marekani na 530 ilitoka kwa dola 299.99. Kwa kuwa zote mbili zimeshapitwa na matoleo mapya, ndizo ninazozipendekeza kwa mnunuzi wa huku: 540 kwa mwenye fedha za kifaa kipya au kilichotumika kidogo, na 530 iliyotumika kwa mwanafunzi au kijana wa klabu, ambaye fedha zitakazobaki azitumie kwa ukanda wa kifuani. Ya kutazama kwenye 530 iliyotumika ni machache lakini ni ya lazima. Inachajiwa kwa tundu la zamani la micro-USB, hivyo chomeka waya na uutikise uone kama chaji inakatika. Bonyeza vitufe vyote saba, hasa viwili vya chini vinavyobonyezwa kila safari. Tazama meno ya mgongoni yanayoshika kwenye kishikio cha usukani, kwa sababu yakivunjika kifaa kitaruka kwenye shimo la kwanza. Kisha mwombe muuzaji utoke nacho nje, usimame juani mahali pa wazi, usubiri kidogo kikamate setilaiti, na utembee nacho hatua mia mbili ukitazama kama ile pembetatu inageuka unapogeuka.